Simu Iliyonishinda Kusoma Damu

Niliacha kazi mwezi wa sita. Nikakabidhi funguo za maabara, koti jeupe lenye madoa ya rangi ya zambarau, na kiti ambacho kilikuwa kimeshazoea mgongo wangu. Wivu sikuukabidhi. Huo nimerudi nao nyumbani, na mke wangu anasema unakula ugali kuliko mimi. Ninaionea wivu simu moja nyeusi, ya kawaida kabisa kwa kuitazama, iliyofungwa kwa kishikio cha plastiki juu ya darubini yangu, ambayo inasoma damu vizuri kuliko nilivyoisoma mimi kwa miaka thelathini na minne. Naandika haya kwa ajili yenu mnaoingia maabara sasa, msije mkadhani kazi hii ilianza siku simu ilipoletwa.

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Wengi wenu mnatoka Kasama na Mansa, mnaongea Kibemba nyumbani na Kiingereza kazini, na Kiswahili chenu kinaishia kwenye bei ya samaki. Mama yangu alitoka ng'ambo ya ziwa, Kongo, upande wa Pweto, na nusu ya vidole nilivyochoma ni vya watu waliolia kwa Kiswahili. Mkishindwa kunisoma, jifunzeni. Zahanati yenyewe sitaitaja. Iko kando ya ziwa, kwenye barabara ya kwenda Kafutuma, na atakayeitambua basi ameitambua.

Siku yangu ya kwanza nilimkuta mkuu wa maabara, Ba Mulenga, yaani Bwana Mulenga, amekaa mbele ya darubini, mgongo umenigeukia. Hakugeuka. Alinyoosha mkono akanionyesha ndoo iliyojaa vioo vichafu, tunavyoviita slaidi, akarudi kwenye kazi yake. Wakati ule slaidi haikutupwa. Iliandikwa, ikasomwa, ikaoshwa, ikaandikwa tena, mpaka kingo zake zikaanza kukata vidole. Niliosha kwa wiki mbili. Nilikuwa na cheti changu kipya mfukoni na nilimchukia mtu yule kutoka moyoni.

Wiki ya tatu alianza kunifundisha mambo ambayo hayakuwa kwenye cheti. Kwamba tone la damu likikaushwa wazi, nzi watakuja kulila, na ufuko wetu una nzi wengi kwa sababu ya samaki wanaoanikwa, kwa hiyo jenga kisanduku chenye wavu. Kwamba mende nao hula, tena hawaachi hata alama. Kwamba rangi ya kutia kwenye slaidi ikichanganywa na maji ya ziwa inaacha uchafu unaofanana na vijidudu, na mjinga ataandika malaria kijiji kizima. Darubini yetu haikuwa na taa. Ilikuwa na kioo chini yake cha kunasa jua, na mawingu yakitanda tulikaa tu. Ba Mulenga alisema siku ya mawingu hakuna malaria wilayani kwetu Nchelenge.

Jambo moja alilisisitiza kuliko yote, nalo lilihusu kidole. Alinikataza kumchoma mtu kimyakimya. Alishika kidole cha pete, akakisugua taratibu kwa pamba yenye spiriti, na huku anasugua anauliza swali lilelile kila siku, kwa kila mtu, mkubwa kwa mtoto: ukitoka hapa unaenda wapi? Mtu akianza kueleza anakokwenda, mkono unalegea, damu inakuja yenyewe bila kukamuliwa. Nilimuuliza kama anayasikiliza majibu. Akasema, "Ukiuliza mutu kitu, umusikilize. Ama usimuulize."

Nikaiga. Miaka ya kwanza nilifanya kwa sababu ya damu tu, lakini majibu yalibaki kichwani bila kuitwa. Nilijua nani anaenda Kashikishi sokoni, nani anaenda kwa mume wa pili ambaye wa kwanza hamjui, nani hana pa kwenda. Hakuna hata neno moja la hayo lililoandikwa kwenye rejista. Rejista yetu ilitaka jina, umri, kijiji na majibu.

Ba Mulenga alipoondoka nilikuwa nimeshakuwa mzuri. Nasema hivyo kwa sababu hakuna mwingine wa kunisemea. Madaktari wa wilaya walikuwa wakileta slaidi zilizowashinda, nami nazisoma nikinywa chai. Watu wa visiwani wakifika walimuuliza mlinzi, "Yule wa macho iko?" Yule wa macho ndiye mimi, na jina hilo nililipenda kuliko nilivyopenda jina langu la ubatizo.

Sasa nieleze lile ambalo sikumweleza mtu. Miaka mitatu kabla ya kustaafu, jicho langu la kulia lilianza kuingia ukungu. Mwanzoni nilifuta lenzi. Kisha nikabadilisha mafuta ya darubini, kisha nikalaumu taa ya sola. Jicho la kushoto lilikuwa zima, lakini nilikuwa nimezoea la kulia toka ujana, na nikihamia la kushoto nilijiona mwanafunzi. Nikaendelea na la kulia. Nilipokuwa sioni vizuri nilijaziliza kwa uzoefu: nilimtazama mgonjwa, nikasikia kikohozi chake, nikajua. Mara nyingi nilijua kweli. Hiyo ndiyo hatari yenyewe, maana ningekosea kila siku ningeacha.

Wakati huo huo akaletwa Chola. Msichana wa miaka ishirini na minne kutoka chuoni, mwembamba, mpole, anatembea utafikiri paka. Mara ngapi nimegeuka nikamkuta nyuma yangu bila kusikia mlango. Nilimpa ndoo. Aliosha slaidi zote kabla ya saa sita, akauliza kama kuna nyingine. Nilimpenda, na nilimfundisha Kiswahili na swali la Ba Mulenga, ingawa swali alilichukua polepole kwa sababu ya aibu.

Mwaka uliofuata ikaja simu. Mtaalamu mmoja kutoka Lusaka aliifunga juu ya darubini mpya, akaeleza kwamba ndani yake kuna akili ya kutengenezwa iliyofundishwa kwa picha za slaidi nyingi kuliko ambazo mtu angeziona katika maisha matatu. Inapiga picha, inahesabu vijidudu, inatoa jibu, yote kabla mtu hajamaliza kufuta miwani. Ingejaribiwa kwetu kwa miezi michache. Katika majaribio, simu ingesoma na mimi ningesoma. Mgonjwa angepewa jibu langu, na la simu lingehifadhiwa ili waje walinganishe. Nikamuuliza mtaalamu kama simu nayo itakuwa inakatwa pensheni. Alicheka, nikaona amenichukulia mzee wa utani.

Haukuwa utani. Wagonjwa walianza kuja kuitazama. Mama mmoja alitoka Mantapala, ile kambi ya wakimbizi, wenzetu kutoka Kongo, kwa miguu, akiwa mzima kabisa, kuiona simu ya kusoma damu. Mlinzi hakuulizwa tena kuhusu yule wa macho. Siku ya tatu niliihamisha darubini ile nikaiweka dirishani, kwenye jua la saa nne, nikasema nataka nafasi mezani. Simu ikapata joto, ikazima. Nilikunywa chai yangu siku ile na nikaongeza sukari. Chola aliirudisha mahali pake na akaweka kitambaa dirishani.

Mvua zilikuwa zinaisha, na hapo ndipo malaria inapopanda kwetu. Vipimo vya haraka vilikuwa vimetuishia toka wiki iliyopita, kwa hiyo kila kitu kilitegemea darubini. Asubuhi moja aliingia mama aliyembeba mtoto wa kike wa miaka mitatu, Sifa. Mama Sifa alikuwa mkimbizi wa Mantapala, anafanya biashara ya chisense, wale dagaa wetu wadogo. Mtoto alikuwa anakohoa na ana joto kidogo. Nilishika kidole, nikasugua, nikauliza swali langu.

Mama Sifa akapunguza sauti. "Docta, minarudia na boti ya saa nane. Samaki yangu iko inakauka kule Kilwa, na bezi biko mingi, bataiba. Lakini ku karatasi andika tu Mantapala." Nilielewa. Kutoka kambini kunataka ruhusa, na yeye hakuwa nayo, kwa hiyo kwenye rejista aliandikwa Mantapala, na kisiwa cha Kilwa, hiki cha ziwani kwetu, kikabaki kati yangu na yeye. Sifa hakulia hata kidogo. Alikuwa anaangalia kalamu mfukoni mwangu.

Niliisoma slaidi ile kwa jicho la kulia. Niliona uwanja wa darubini ni safi, au nilidhani naona. Kikohozi kilikuwa cha kifua, nikasema moyoni. Nikaandika: hakuna vijidudu. Kisha Chola akaiweka chini ya simu, na simu ikasema wapo. Wachache, lakini wapo.

Chola alinigeukia, na usoni alikuwa na tabasamu dogo, la aibu, la mtu ambaye hajui aliweke wapi. Leo najua lilikuwa hilo tu. Wakati ule nililiona tabasamu la ushindi. Damu ilinipanda. Akauliza kwa Kibemba, kwa heshima, kama ningependa kutazama tena. Nikamjibu kwamba huo ni uchafu wa rangi, na kwamba nilikuwa nautambua uchafu wa rangi kabla mama yake hajaolewa. Akainamisha macho. Mama Sifa alipewa dawa ya kikohozi, akashukuru, akaondoka.

Sikutazama tena kwa sababu niliogopa kutazama. Ningeinama pale na kuona ukungu, na kichwa changu kingeinuka mbele ya wote wawili, Chola na ile simu, bila jibu.

Asubuhi iliyofuata nilifika mapema, kabla ya mfagizi. Msije mkanisifu. Sikuamshwa na huruma kwa mtoto. Niliamshwa na wivu. Nilitaka kuupata ule uchafu wa rangi, niuonyeshe, niandike barua Lusaka kwamba simu yao haijui rangi na kijidudu. Mlango ulikuwa wazi nyuma yangu na jua linaingia vizuri. Kwa kuwa nilitaka kuwa na hakika, nilitumia jicho la kushoto.

Niliona pete moja, umbo la kijidudu cha malaria, na nukta yake. Nikasogeza. Mbili. Nikasogeza tena, na sikuhitaji kuhesabu zaidi. Vilikuwa vijidudu safi, vya kufundishia, ambavyo Ba Mulenga angemwita mfagizi aje avione.

Halafu nikachukua pamba, nikaichovya kwenye spiriti. Slaidi ikifutwa inabaki kioo kitupu, na neno la simu, iliyohifadhi jibu bila picha, lingekuwa neno tu, dhidi ya neno la mtu wa miaka thelathini kazini. Nilikuwa nimeshaishika slaidi kwa mkono wa kushoto na pamba kwa mkono wa kulia. Naandika hili polepole, kwa sababu wakati ule sikuwaza hata mara moja kwamba kuna mtoto.

Nje kukatokea kishindo. Ndoo ya slaidi ilibingirika kwenye kibaraza, maji yakamwagika, na Chola akasikika analalamika kwa sauti kubwa kuhusu watu wanaoacha ndoo njiani. Nilishtuka, nikaiweka pamba mezani. Alipoingia alikuwa anafuta sketi yake iliyolowa, na hakunitazama mara moja. Kufikia hapo nilikuwa nimeshapata akili. Nikamwambia, "Chola, simu ilikuwa sahihi. Yule mtoto ana malaria."

Alichukua rejista, akampigia mhudumu wa afya wa Mantapala. Tukasubiri. Mhudumu akapiga: nyumba imefungwa, majirani hawajui mama yuko wapi, au wanajua na hawasemi. Chola akaangalia skrini ya simu, ambako taarifa za Sifa zilikuwa zimepangwa vizuri, jina, umri, idadi ya vijidudu, na makazi Mantapala. Nikasema, "Yuko Kilwa. Anaanika samaki."

Muuguzi wetu mkuu alinipa vidonge, na ile dawa ya kuweka nyuma kwa mtoto asiyeweza kumeza, akanionyesha namna mara mbili. Nilipanda boti ya wafanyabiashara wa chumvi. Safari ni saa moja na nusu ziwa likiwa tulivu, na siku ile halikuwa tulivu. Nina umri wa kuwa na wajukuu na nilitapika mbele ya wauza chumvi. Nilikuwa naomba Mungu, na katikati ya maombi, nitasema ukweli, nilikuwa nafikiria namna simu ilivyokaa pale mezani, kavu, bila hatia yoyote.

Kisiwani niliuliza wanapoanika watu wa kutoka kambini, nikapelekwa. Mama Sifa alikuwa amekaa kwenye kivuli cha nyavu, mtoto mapajani, na hakuwa anahangaika na samaki tena. Sifa alikuwa na macho meupe yaliyogeukia juu, na shingo haikushika kichwa. Mama yake aliniona akasema, "Docta, ulisema iko kikohozi." Alisema kwa upole, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nikamjibu kwamba nilikosea. Niliweka dawa kama nilivyoonyeshwa, tukapata boti, na njia nzima ya kurudi nilimkinga mtoto yule na maji kwa koti langu jeupe.

Sifa alipona. Siku ya nne aliomba ugali, na siku ya sita alinyakua kalamu mfukoni mwangu, nikamwachia. Kwenye ripoti niliandika mwenyewe kwamba niliisoma vibaya, na kwamba jicho langu la kulia lilikuwa limeharibika nami nilijua. Kuhusu pamba sikuandika. Nilijiambia kwamba jambo lile halikutendeka, na jambo ambalo halikutendeka halina safu kwenye fomu.

Mtaalamu alirudi kulinganisha matokeo. Simu ilinishinda kwa mbali, na aliniambia hivyo kwa adabu, akanishauri nipasuliwe jicho, nikapasuliwa. Nilimuuliza kama akili ile itaifikia akili ya mtu siku moja. Akasema kwenye slaidi imeshaipita, mzee mwenyewe umeona, na kwingine tusubiri. Nikamuuliza, na kujua kwamba mama yuko Kilwa? Alifikiri kwa dhati, nikaanza kuona raha. Akatoa daftari. Akasema ni jambo zuri sana, wataliongeza kwenye fomu.

Wakaliongeza kweli. Mwezi uliofuata simu ilikuwa inauliza, kwa maandishi makubwa na kwa sauti ya mwanamke, kwa Kibemba na kwa Kiswahili cha pwani ya mbali: baada ya hapa unaelekea wapi? Swali la Ba Mulenga. Nilikaa nje kwa nusu saa nzima. Macho simu ilikuwa imeshanichukulia, na sasa imenichukulia hili nalo. Sijawahi kumwonea mtu wivu wa namna ile, hata yule aliyemwoa msichana niliyemtaka.

Wiki zilipopita Chola akanionyesha majibu. Akina mama wote wa chisense walikuwa wamejibu swali lile bila kuruka hata mmoja. Wote waliandikisha Mantapala. Nilicheka mpaka nikashika meza, lakini Chola hakucheka. Alisema huko visiwani kuna watoto. Tangu siku hiyo aliacha aibu yake. Aliiacha simu ihesabu, na yeye akashika vidole, akasugua, akauliza.

Hayo yangetosha, na nilikuwa nimeshayaandika mpaka hapa nikakunja karatasi. Lakini mwezi uliopita nilipata homa. Nikaenda zahanati saa tatu asubuhi, nikapanga foleni na wengine, nikaingia kwenye maabara yangu nikiwa mgonjwa. Chola alinikalisha kwenye kile kiti. Alishika kidole cha pete, akakisugua, na wala hakukitazama.

"Ba Musonda," akasema, "mukitoka hapa munaenda wapi?"

Nikamwambia naenda bandarini kuangalia samaki. Nikamwambia mke wangu amenikataza kununua wadogo. Nikamwambia darubini ile imesogezwa, siku hizi iko mbali na mlango, na asubuhi ile ya slaidi ya Sifa ilikuwa karibu na mlango, na kabla sijajua ninachosema nilikuwa nimeshamweleza habari yote ya pamba, niliyokaa nayo kwa zaidi ya miaka miwili. Hata kuchomwa sikukusikia. Simu ilikuwa inapiga picha za damu yangu, moja baada ya nyingine.

Chola aliniwekea pamba kavu kwenye kidole, akanikunjia mkono nikandamize.

"Ile ndoo," akasema, "ni mimi njo niliipiga teke. Nilikuona ku mulango na pamba ku mukono. Nikarudia inje pole pole, nikasema acha nikupe nafasi."

Nikakumbuka hatua zake za paka, na sketi iliyolowa, na namna alivyoingia bila kunitazama. Alikuwa na miaka ishirini na tano. Alijua nilichotaka kufanya, akajua pia kwamba nikipewa dakika moja sitakifanya, akajimwagia maji ili anipe hiyo dakika. Kisha akakaa nami benchi moja mpaka nikastaafu, na hakuniruhusu hata siku moja nijue kwamba anajua. Hilo Ba Mulenga hakumfundisha, mimi sikumfundisha, na kwenye fomu hakuna mahali pake. Nilimwonea wivu palepale, kidole mkononi, huku simu ikitangaza kwa sauti yake nzuri kwamba nina malaria.